Inahitaji Chanzo

Saa nne usiku, Bondeni. Umeme umerudi.
Naufungua ukurasa wa Rais katika kamusi elezo ya mtandaoni
kama mtu afunuaye sufuria ya juzi:
polepole, pua mbele.

Mstari wa kwanza wasema alizaliwa Juni.
Wa saba wasema Oktoba.
Mtoto mmoja, leba mbili.
Nabakiza Oktoba, maana ndiyo iliyo katika kitabu cha ubatizo,
na padri aliyeiandika, wino ukimvujia kidoleni,
hakujua anamwagia maji kichwa cha nani.

Miaka thelathini na moja nilikuwa karani wa masjala.
Faili naijua kwa uzito kabla sijaisoma.
"Kiongozi shupavu." Nafuta shupavu.
"Aliyependwa na wote." Nafuta hadi nukta.
Wote gani? Dada yangu Nekhesa
alikuwa akizima redio huyo bwana akikohoa tu.

Kufumba na kufumbua, mtu ajiitaye Mzalendo77
amerudisha shupavu.
Namwandikia: leta chanzo.
Ananijibu: chanzo ni mimi, nilikuwepo.
Nafuta. Anarudisha. Nafuta.
Chai inapoa, inaota ngozi.

"Alifundisha Nakuru miaka mitano." Hapana.
Orodha ya mishahara ya kiwanda cha pareto, ukurasa wa 112,
niliipiga picha mwenyewe, vumbi likinikaba:
karani wa mizani, miezi kumi na moja,
aliachishwa. Sababu: kuchelewa, mara tisa.
Nimeiandika hivyo hivyo, na tanbihi yake, bila kucheka.
Karibu bila kucheka.

Kisha aya ya nne.
"Siku ya kuomba kazi hiyo alivaa koti la kuazima,
la mlinzi wa reli aliyeitwa Lusweti."
Hakuna chanzo.
Namjua aliyeiandika.
Ni mimi, miaka mitatu iliyopita, wiki moja baada ya mazishi,
macho yangali yamevimba.

Baba alituhadithia kila Krismasi.
Koti lilikuwa la kahawia; mwaka mwingine la kijivu;
mwaka wa mwisho likaota vifungo vya shaba.
Kisichobadilika kilikuwa neno la kumalizia:
"Na hakulirudisha."
Ushahidi nilio nao ni msumari,
nyuma ya mlango wetu wa zamani kwenye nyumba za reli,
ambao haukutundikwa kitu hadi tulipohama,
Mama akisema, uacheni, labda atalileta.

Msumari hauwekwi tanbihi.

Ajabu ni kwamba sasa chanzo kipo.
Gazeti moja, Jamhuri iliyopita, lilichapisha habari za koti,
Lusweti akiwa Lusweti, reli ikiwa reli,
sentensi yangu neno kwa neno, hata koma niliyoikosea.
Ningeweza kulitaja. Nani angejua?
Ni kama kujikopesha shilingi kutoka mfukoni mwako
kisha ukajiandikia risiti.

Nikafuta.
Penye maelezo nikaandika: haijathibitishwa.
Sikuandika: baba yangu.

Nikalala vibaya. Asubuhi, kabla ya mswaki, nikafungua tena.
Koti limerudi.
Mzalendo77 amelirudisha, saa tisa na dakika sita za usiku,
na safari hii ametaja gazeti, tarehe, ukurasa,
kila kitu sawasawa,
na maneno mawili ya kunikemea:
heshimu vyanzo.

Nje mwenye maziwa anagonga geti.
Kidole kiko juu ya kitufe.
Kumfuta mara ya kwanza niliweza.